Trela la Kalaba Limezuiwa

B.P. 1127,
Lubumbashi,
Tarehe 15 Agosti 1974

Mama mukubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mguu wako umepata nafuu? Na upepo wa ziwani mnauvumiliaje huko Pweto? Sisi tu wazima, mimi na mwanao Kalaba. Samaki wakavu uliowatuma kwa mkono wa Mama Léonie walifika. Tumewala kwa bukari tuliyosonga wenyewe, asante sana.

Nakuandikia hasa ili tumshukuru Mungu pamoja, kwa ajili ya Kalaba. Usishtuke: ni mzima, na jana alikula kwangu.

Unajua kampuni yetu ya malori ilipewa mkurugenzi mpya, Mzaire mwenzetu, baada ya yule mzungu aliyeimiliki kuondoka. Mkurugenzi huyo aliagiza kwamba barua yoyote yenye jina la mzungu isifunguliwe, iwekwe sandukuni. "Aliyeondoka ameondoka na barua zake," alisema. Mimi ndiye karani wa barua, nilitii.

Juzi ile Jumanne nilivunja amri, nikafungua moja. Kiwanda cha Ulaya kilichotengeneza matrela yetu kiliomba yenye namba fulani yasimamishwe mara moja. Chuma cha chini kinachoyashika kwenye gari la mbele ni kibovu tangu kiwandani, chaweza kukatika njiani. Namba ya trela la Kalaba ilikuwamo. Nayo ilikuwa barua yao ya tatu!

Kalaba alikuwa ameshapakia shaba, injini inanguruma. Nikasimama mbele ya lori.

"We karani, toka! Unaogopa hata mende, leo unataka kupigana na lori?"

"Shuka, yaya, kaka yangu. Nakuomba."

Baba Kunda, fundi wetu, aliliachanisha trela, akaingia chini na taa. Alipotoka aliomba maji kwanza. Kisha akasema, "Kalaba, ile chuma iko na ufa. Ukucha yangu imeingia."

Nilimpelekea mkurugenzi barua. Aliisoma mara mbili, akasimamisha matrela yote saba, akanipa ufunguo wa sanduku. Namshukuru naye.

Lakini Mama, kuna neno limebaki. Bahasha ile ilikuja Jumamosi, imechanika pembeni, na namba ya trela la Kalaba ilionekana. Naipiga kila siku kwa mashine kwenye karatasi za safari, nimeikariri. Niliogopa kufukuzwa, nikaitia sandukuni. Jumapili Kalaba akaenda Mokambo mpakani, akarudi Jumatatu, juu ya chuma kile kile.

Nilipomweleza, alicheka: "Nimerudi ao sikurudi? Usimwandikie mama." Ila siwezi kupokea shukrani zako bila wewe kujua.

Nisalimie Baba Liévin, dada Madeleine na watoto wote. Mungu aliyemrudisha Kalaba akulinde wewe pia.

Nikaripie utakavyo. Mimi nashukuru tu kwamba barua hii si ya kilio.

Mtoto wako akupendaye,
Mukuka