Ng'ombe Watakuwa Wapi Mvua Ikinyesha

Jumatatu, 1 Machi 1999

Imefika. Ilikuja ndani ya gari la misheni kutoka Malindi, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa mahututi. Daktari Kassim aliiona kabla yangu. Akaniita kwa sauti, foleni nzima isikie: "Da Dinah, televisheni yako hii hapa. Taarifa ya habari tuje saa ngapi?" Akina mama wakacheka. Nami nikacheka.

Kompyuta. Yangu! Si yangu, ya zahanati. Lakini hapa kituoni ni mimi peke yangu niliyesomea kazi ya kumbukumbu za wagonjwa, basi niache usiku huu niseme yangu.

Tangu mafuriko ya El Niño tunafanya kazi kwa kupapasa. Maji yalikaa ndani ya chumba changu mpaka kadi zote za wagonjwa zikawa uji. Mtu anarudi na kifua kilekile, tunamwuliza alipewa dawa gani, anasema nyeupe. Zote ni nyeupe. Nimechoka na nyeupe.

Ijumaa, 5 Machi

Jenereta ikiwaka tu, naandikisha watu. Kompyuta inauliza kwa zamu: jina, umri, mume au baba, kijiji, ugonjwa, tarehe ya kurudi. Ukiacha kisanduku kitupu inakataa kuendelea. Napenda ukali huo. Nyumbani husema mimi ndivyo nilivyo.

Leo alikuja Qabale. Anameza dawa za kifua kikuu tangu mwaka jana na bado ana miezi kadhaa mbele. Nyevu, nesi wetu, anasema alipoletwa mara ya kwanza mumewe alimbeba mgongoni, mwepesi kama mtoto. Leo ameingia kwa miguu yake, shanga shingoni, mtoto ubavuni, anacheka na kila kitu. Rika langu kabisa.

Nikamwuliza jina la mume. Akatazama chini. Nikarudia. Akajifunika mtandio usoni, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mama aliyekuwa nyuma yake akanionea huruma: mke wa Kiorma hatamki jina la mumewe, uliza sisi. Ni Guracha. Qabale akaziba masikio. Foleni ikafurahi, mimi kuliko wote.

Kijiji? Akataja jina la kisima fulani. Nikaandika. Kompyuta ikakubali.

Jumatano, 17 Machi

Siku nzuri kuliko zote tangu nitoke chuoni.

Printa ililia kama cherehani, ikatoa karatasi: wanaopaswa kurudi wiki hii, kisha waliochelewa. Hao wa pili programu inawaita difolta. Nyevu akapanda baiskeli, akawafuata mmoja mmoja hapa mjini Garsen. Kalama, fundi viatu, alimwambia ameacha dawa kwa sababu amepona. Akakohoa mbele yake, na kitambaa kikaingia damu. Amerudishwa kwenye dawa leo leo. Bila ile karatasi tungemwona lini?

Daktari Kassim aliisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena. "Haya. Televisheni inasema kweli." Halafu, kwa kuwa ni mtu wa Kipini na hawezi kukusifu bila kukubana: "Lakini dawa humezwa na mtu, mwanangu, si karatasi."

Mbona furaha hii ni kubwa hivi? Nadhani ni kwa sababu siku zote nimekuwa mtu wa kuwaza. Nawaza, naandika humu, nalala. Leo niliwaza na mtu akameza dawa.

Jumapili, 28 Machi

Niko kijijini Hewani, nyumbani. Jumapili ya Matawi. Kanisani niliomba kwa ajili ya jenereta. Mungu anisamehe, lakini niliomba kwa moyo.

Mezani mama aliuliza habari za kazi. Nikaeleza jinsi kompyuta inavyowakumbuka wagonjwa wasipotee, hata Waorma, kama Qabale wa kifua kikuu. Baba akaacha kula. "Yaani sisi tunawafukuza mashambani na ng'ombe wao, wewe unawatafuta kwa umeme."

Mama alicheka mpaka akapaliwa na wali. Baba naye akacheka, ingawa mihindi yake ya mwaka jana iliingia matumboni mwa ng'ombe hao na hajasahau. Baadaye, akinawa mikono, akauliza kama huyo mwanamke wa kifua ana watoto. Mmoja, nikasema, bado ananyonya.

"Basi mtafute," akasema, akaenda zake kulala.

Mawingu yamejaa upande wa bara.

Jumanne, 6 Aprili

Nimeaibika, nimecheka, nimeloa. Niandike kwa utaratibu.

Mvua ilianza wakati wa Pasaka. Leo printa imetoa difolta ukurasa mzima. Karibu wote Waorma. Sikuelewa, hawa walikuwa wakija vizuri mwezi mzima. Daktari Kassim akatupa gari, mimi na Nyevu tukaenda kwenye visima vilivyoandikwa.

Hakuna mtu. Boma la miiba limeachwa wazi, majivu yameloa, na ardhini kuna duara mahali kila nyumba iliposimama. Nilisimama katikati na karatasi mkononi. Nimeandika majina yote sawasawa, umri sawasawa, dawa sawasawa, na sina hata mtu mmoja.

"Kijiji chako kimetembea, Dinah," Nyevu akasema.

Hakika nililia kidogo. Nyevu alijifanya anaangalia tairi.

Tukirudi tukaona nyumba chache ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zikivunjwa. Juu ya moja, akifungua kamba za mikeka, Qabale! Akashuka mbio. Punda walikuwa tayari na fito mgongoni. Wanaondoka keshokutwa. Akikatiza dawa sasa, ugonjwa utarudi ukiwa umeshazoea vidonge. Nyevu akamweleza mumewe hivyo hivyo, bila kupamba.

Guracha ni mrefu, sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuongea na ng'ombe walio mbali. Nyevu akamwomba amwache mkewe Garsen mpaka amalize dozi. Akasema hapana: "Yeye nabaki, nani nakamua? Mtoto nakunywa nini? Nipe dawa yote kwa mfuko, mimi nabeba."

Nyevu akasema haiwezekani. Mtu akipewa zote anagawia jamaa wanaokohoa, au anaacha akijisikia vizuri. Guracha akakasirika. Mkewe amemeza kila siku, nani amemwona akigawa? Kweli hakuna.

Nikamwuliza wanakokwenda. Hata hakufikiri. Kone, kwenye bwawa. Na wale wa kisima cha pili? Akataja. Na wale wengine? Akataja. Nani watatangulia, nani watafuata, nani watarudi mtoni kwanza mvua ikiisha. Qabale akawa anamsahihisha kutoka nyuma ya punda.

"Kumbe mnajua yote haya. Mbona hamkuniambia?"

"Wewe nauliza kijiji," akasema Guracha. "Hukuuliza ng'ombe."

Nyevu alicheka njia nzima mpaka Garsen. Mimi nilianza kucheka darajani, matope hadi magotini.

Jumatano, 7 Aprili

Nimegombana na Daktari Kassim, na sijawahi kugombana na mkubwa kazini. Nilimwambia Kone kuna zahanati ndogo, kuna redio kol ya kuitana kama yetu, na mhudumu wake, Suleiman, hupokea dawa zake kwetu. Tumtumie vidonge vya Qabale. Ampe kila wiki kwa mkono wake, kisha aniite kwa redio, nami niandike ndani ya kompyuta. Asipotokea, tutajua wiki hiyo hiyo badala ya mwezi wa pili.

Akasema Suleiman ana kazi zake. Akasema ile redio inashika siku ikitaka. Akasema dawa zikipotea yeye ndiye atakayeandika maelezo.

Nikasema, "Daktari, ulisema dawa humezwa na mtu. Mtu anaondoka kesho."

Akainuka kitini. "Waniponza, mwana wee." Akashika redio mwenyewe, akamwita Suleiman, wakasalimiana kirefu, habari za watoto, habari za mvua, na ndani ya salamu hizo jambo likakubaliwa: vidonge vya Qabale na wenzake vitatangulia Kone kwa gari letu kesho alfajiri.

Jenereta ikiendelea kuunguruma, nikafungua programu na kutengeneza visanduku viwili vipya. Cha kwanza: ng'ombe wako wapi kiangazi. Cha pili: ng'ombe watakuwa wapi mvua ikinyesha. Tarehe za kurudi kwa watu wa malisho nimezihamishia zahanati iliyo karibu na ng'ombe wao. Chuoni hawakutufundisha hili. Nimekaa nikivitazama visanduku vyangu kama mtu aliyejenga nyumba.

Alhamisi, 8 Aprili

Walipita kituoni wakiwa safarini, ng'ombe upande wa pili wa barabara, punda mlangoni. Qabale akaingia kumeza vidonge vya leo. Nikamwonyesha jina lake kwenye kioo cha kompyuta na Kone pembeni yake. Hajui kusoma, lakini aligusa herufi moja moja kwa kidole, akauliza ipi ni ng'ombe.

Halafu wenzake wakaingia, kila mmoja akidai lake. Ng'ombe wangu mbona hawamo, niandike mimi, sisi tunakwenda Assa si Kone, huyu mama anasema uongo, wao hufuata shemeji zake. Kelele tupu. Daktari Kassim alitoka chumbani mwake akidhani kuna ugomvi. Niliandika mpaka mafuta ya jenereta yakaisha, na hata hapo waliendelea kunieleza gizani.

Guracha hakuingia. Alisimama nje na fimbo mabegani. Qabale alipopanda barabara aliniambia kwa Kiswahili chake: "Mimi nameza. Wewe siogope."

Jumamosi, 24 Aprili

Kimya. Mvua usiku na mchana. Barabara imekatika, redio inatoa sauti ya mafuta yakikaanga. Suleiman tumemwita tukachoka.

Kisanduku cha Qabale cha wiki hii kitupu. Na cha wiki iliyopita.

Nyevu anasema nile. Nimekula.

Jumatano, 5 Mei

AMEFIKA. Amemeza wiki zote.

Asubuhi hewa ilisafika ghafla, na sauti ya Suleiman ikaingia chumbani kama amesimama dirishani. Qabale alifika na wenzake, hajakosa hata wiki moja. Suleiman alikuwa akiniita kila Jumatatu, ni sisi tusiomsikia. Qabale ameongeza uzito. Hakohoi. Suleiman akasema juzi aligombana na mwanamke mwingine bwawani na akasikika mpaka zahanati, basi mapafu yake ni sawa, ova, yaani zamu yangu sasa kusema.

Wale wengine pia, wa Kone wote wameonekana isipokuwa mzee mmoja, na Suleiman anajua alipo. Nilijaza visanduku huku nikiimba. Daktari Kassim alileta chai na mahamri kwa pesa yake, jambo ambalo Nyevu anasema halijatokea tangu aajiriwe. Akanisimamia nyuma. Akasoma. "Waonyeshe na wale wanaokuja kutoka wilayani," akasema. "Lakini uwaambie swali la ng'ombe ni langu."

Nikamtazama.

"Haya, ni lako. Kula."

Mambo mawili nataka nisiyasahau. Kwamba mvua ilipofunga njia, dawa ilikuwa imeshatangulia. Na kwamba mtu anayesemwa amepotea huenda yuko mahali ambapo jirani zake wote wanajua. Nilikuwa nikidhani upweke wangu ni akili. Mwezi huu nimeongea na watu wengi kuliko miaka yote ya chuo, na sijachoka.

Jumatatu, 24 Mei

Naandika huku redio iko wazi mbele yangu. Nisipoandika nitakula kucha.

Suleiman ameita kabla ya saa yake. Nikajua kuna jambo. Akasema Guracha amesimama hapo, amekuja na mke, mtoto na punda, na leo si siku ya dawa. Majani ya Kone yameisha, mifugo imekuwa mingi. Ng'ombe wameshatangulia magharibi na vijana. Yeye amekataa kuwafuata mpaka msichana wa kompyuta aandike.

"Mpe redio," nikasema.

Mpasuko, kimya, kisha ile sauti ya mtu aitaye ng'ombe. Nyevu aliruka kitini. "Andika! Tunahama!"

Nikamwuliza ng'ombe watakuwa wapi. Akataja mahali. Nyuma yake Qabale akamkatiza kwa Kiswahili chake, huko maji ni ya chumvi, wataishia upande huu wa kilima. Kisha wakageukia Kiorma, wakabishana hewani, hakuna aliyesema ova. Sikuelewa neno na nilielewa yote. Daktari Kassim alikuwa ameegemea mlango, kikombe mkononi, akicheka peke yake.

Tumetandaza ramani. Upande huo hakuna zahanati. Hakuna kitu. Vidonge vya Qabale vya wiki zilizobaki viko Kone na yeye anakwenda mbali na Kone. Kisanduku nimekifungua, mshale unawaka na kuzima, na sina cha kuandika.

Guracha anasema kilimani kuna kambi ya chifu, ina waya mrefu juu ya mti kama huu wa Suleiman. Daktari Kassim ameweka kikombe chini. "Chifu ana redio, basi. Asipokuwa na zahanati ana mikono ya kumpa vidonge. Mwambie Guracha asiondoke." Yeye, aliyeogopa kuandika maelezo! Amegeuza masafa, anamwita chifu. Redio inakaanga mafuta yake tu. Anaita tena.

Amerudi kwenye masafa ya Kone kuuliza kama bado wapo. Suleiman anasema wapo. Guracha ameteremsha mizigo ya punda, ameketi kivulini na mkewe pembeni, na amemwambia Suleiman kwamba ng'ombe wana miguu, watawakuta mbele.

Daktari Kassim amegeuza masafa tena, anamwita chifu.