Kanda ya Saba

Njagi Mbegu za Posta,
Meru Mjini.
20 Septemba 1995

Mpendwa Dada Veronicah,

Kabla ya lolote nauliza hali yako na ya watoto, hasa Riungu na kile kikohozi chake, na kama punda amepona mguu. Sisi hapa Meru tu wazima wa mwili. Karimi mke wangu anakusalimu sana na anasema ule mtama uliotupatia ulikuwa mtamu, umekwisha, na haoni aibu kukuambia hivyo. Mimi nakula, nalala, natembea. Moyo ndio hauna raha. Nakuomba barua hii uisome mwenyewe, usimpe Riungu akusomee kwa sauti kama mnavyofanya siku zote.

Nimempa Mwalimu Nyaga akuletee huko Siakago kwa mkono kwa sababu posta ingechelewa. Lazima habari hii uisikie kwangu kabla mume wako Njoka hajafika nyumbani mwisho wa mwezi kutoka Mitunguu anakolinda mashamba ya ndizi. Nimekukosea, dada, na kosa lenyewe limemfikia Njoka kabla ya kukufikia wewe. Lakini ukianzia mwisho hutanielewa, kwa hiyo nivumilie nianze mwanzo.

Unajua nilivyoacha ukarani nikaanza kuuza mbegu kwa posta. Ulinicheka, ukasema mtu gani atanunua mbegu ambayo hajaishika. Ulisema kweli. Nilikodi sanduku, nikachapisha karatasi za bei, nikangoja. Mwaka mzima, kila nikifungua lile sanduku nilikuta vumbi na matangazo ya watu wengine wanaotaka kuniuzia mimi.

Ndipo nikakutana na bwana mmoja wa Nairobi aliyekuwa akiuza masomo ya kilimo yaliyoandikwa tayari. Yalikuwa arobaini, kabichi, viazi, kuku, nyuki, kila kitu, na chini ya kila somo ameacha nukta nukta ili mnunuzi aandike jina lake. Aliniambia mfanyabiashara wa siku hizi haumizi kichwa kuandika. Anaweka jina tu, watu wanamwona mtaalamu, wanamwamini, wananunua. Dada, nilimwamini mimi kwanza. Niliuza baiskeli ili niyapate yale makaratasi, na hata leo nikipanda mlima wa sokoni kwa miguu namkumbuka, wala si kwa wema.

Watu hawakuyasoma. Nikafikiri labda kosa ni kusoma kwenyewe, kwamba mtu ametoka shambani amechoka, afadhali asikilize. Nikaenda Maua kwa Younis, yule kijana wa Kisomali niliyekaa naye dawati moja sekondari. Ana duka la kanda na mashine ya kunakili kanda mbili kwa mara moja. Tukakubaliana. Mimi nasoma somo, yeye ananakili, wenye magari ya miraa wanazitawanya kwenye mahoteli ya chai, na mwisho wa kila kanda nataja mbegu zangu na namba ya sanduku. Mpaka leo nasema wazo lilikuwa zuri. Sauti inafika mahali ambapo mimi sifiki, na haichoki kurudia.

Lakini nilisoma nini? Nilisoma makaratasi ya Nairobi neno kwa neno. Kanda ya pili inamwambia mkulima afungue mfereji wake asubuhi na jioni. Hebu fikiria mtu wa kwetu anayefuata maji kwa punda, ameketi na chai yake, anaambiwa afungue mfereji! Kanda ya nne inasema mvua ya kupandia ni ya Machi, ile ya Oktoba si ya kutegemewa. Kila mtoto wa Mbeere anajua kwamba kwetu ni kinyume, ya Oktoba ndiyo inayotulisha. Mimi pia najua, maana nimezaliwa hapo. Nilisoma hivyo hivyo, kwa sauti ya kuiga Wazungu, kwa sababu iliandikwa.

Majibu niliyapata. Mzee mmoja wa Kibirichia, mkulima wa viazi, aliniandikia hivi: "Bwana Njagi, mimi nimelima waru miaka ishirini. Hii masomo yako ni ya watu wa wapi? Tuma karoti pakiti mbili na usitume kanda." Kanda nyingine ilirudishwa kutoka Muthara. Nilipoiweka kwenye redio nikakuta wamenifuta wakarekodi kwaya ya kanisa. Karimi alisema angalau sasa kuna kitu cha kusikiliza. Nilikasirika siku mbili nzima, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba kwaya yenyewe ilikuwa inaimba vizuri.

Younis ndiye aliyeniambia kinachouma. Alisema, "Njagi, unasoma kama karani wa korti. Nani atanunua sukuma wiki kwa mtu anamsomea mashtaka?" Akanieleza kwamba watu wake hutumiana kanda badala ya barua. Mama yuko Maua, mwanawe yuko Garissa, mama anaongea tu, anakohoa, anamgombeza mbuzi aliyeingia jikoni, na yule kijana huko anaisikiliza mpaka utepe unakatika. Akaniuliza kama kwetu hakuna mtu anayejua kuongea. Nikamwambia yupo.

Mwezi wa tano tukatoa kanda ya saba. Haina hata neno moja la Nairobi. Ni mama mmoja anaeleza jinsi ya kuchagua mbegu ya ndengu, jinsi ya kuianika, jivu la mti gani linafukuza dumuzi wanaotoboa mbegu, na yale aliyopitia mpaka akayajua hayo. Sikutaja jina lake. Wiki tatu hazikuisha, Younis akaagiza kanda tupu mara mbili. Sanduku langu lilijaa, karani wa posta akawa anazifunga barua zangu kwa kamba na kuninung'unikia. Nimeuza mbegu nyingi zaidi mwezi mmoja kuliko miaka miwili iliyopita.

Ungedhani nilifurahi. Nilifurahi siku chache, kisha hasira ikarudi, maana hakuna barua hata moja iliyokuwa yangu. Zote zimeandikwa juu, "Kwa Mama wa Kanda." Mmoja anamwuliza kuhusu dumuzi, mwingine anamwuliza kama mbaazi nazo zinataka jivu. Mama mmoja wa Muthara hakuuliza mbegu kabisa, aliuliza afanye nini na mume wake, kurasa nne. Mimi nitamjibu nini, mimi mtu wa kabichi? Nilijaribu kanda ya nane nikarudia makaratasi, nikidhani sasa nina jina. Zimerundikana dukani kwa Younis mpaka amezifanya kigingi cha kuzuia mlango.

Dada, nadhani umekwisha kumjua mama huyo.

Pasaka nilipokuja kwako nilikuwa na redio ya Younis. Nilikwambia nimeileta usikilize masomo yangu. Ulikuwa unachambua ndengu kwenye uteo, ukasikiliza ile ya kabichi, ukacheka mpaka ukaweka uteo chini, ukasema, "Huyu hajawahi kushika jembe, hata kwa kuazima." Kisha ukaanza kunifundisha wewe. Mimi nikabonyeza kitufe. Uliniuliza ile taa nyekundu ni ya nini nikakujibu kwamba inaonyesha betri ziko sawa. Nilikudanganya hivyo, nikikutazama usoni, dada yangu uliyenilea tangu mama afariki, uliyekatiza shule darasa la saba ili mimi niendelee.

Laiti ungeishia kwenye jivu na uteo. Lakini uliendelea, ukanieleza habari ya mwaka ule Njoka alipopanda darini juu ya meko akaitoa mbegu yako, mbegu ambayo kwa desturi yetu mume haigusi, akaiuza akainywa. Ukaeleza kwamba msimu uliofuata ulimwambia dumuzi wamemaliza yote, kumbe umeficha kibuyu kizima jikoni kwa jirani yako mama Kithaka. Ukaeleza jinsi Njoka alivyozunguka kwa baba zake wadogo akiomba mbegu, akatukanwa kila mlango, akarudi na konzi moja. Nawe ukaichanganya ile konzi na za kibuyuni, shamba likajaa, na mpaka leo yeye hujisifu kwamba konzi ya ukoo wake ina baraka. Ulicheka ukisema hivyo. Halafu uliacha kucheka ukasema tangu siku aliyotukanwa aliacha pombe, na kwamba ukimwona amekaa kimya jioni unatamani kumwambia na unaogopa. Ukaniambia, "Hili nitakufa nalo, na wewe ufe nalo." Nikakuapia. Na taa ilikuwa inawaka.

Yote hayo yamo kwenye kanda ya saba. Nilifuta jina lako na la Njoka, nikafuta na neno Siakago. Nilijiambia hiyo inatosha. Karimi alipoisikia mara ya kwanza aliniuliza kama Dada amekubali, nikamjibu ndiyo. Kwa hiyo yeye usimlaumu, alidanganywa kama wewe. Nilijua kwamba bila habari ya kibuyu ile ingekuwa kanda ya dumuzi tu. Kibuyu ndicho kilichouza. Nilikijua kuwa ni siri na nikakiuza kwa sababu ni siri. Nilikuwa nimechoka kushindwa, dada, lakini hilo nalo si jibu.

Nimejaribu kuzirudisha kanda hizo. Nilikwenda Maua nikamwambia Younis kila kitu, naye akasema kwao mtu akifanya hivyo na kanda ya mama yake haketi tena na wenzake. Ameacha kuzinakili. Lakini kila mwenye redio ya tundu mbili za kanda ananakili mwenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki. Ziko Embu, ziko Chuka, ziko hadi kwenye mahoteli ya Mitunguu.

Juzi nilipata barua kutoka Mitunguu. Nilijua mwandiko. Ningeweza kuikunja ndani ya hii lakini nakuandikia maneno yake hapa, nisiongeze wala kupunguza:

"Shemeji Njagi. Nimesikia kanda yako hapa kwa hoteli. Tulikuwa watu kama kumi na wote tulicheka huyo mwanaume wa konzi. Hata mimi nilicheka, nilisema huyo ni mjinga kabisa. Halafu huyo mama akacheka na mimi nikajua hiyo kicheko. Niliacha chai. Sijaambia mtu. Wewe umetembeza mimi kwa watu kama ng'ombe ya mnada na hukuniuliza. Tukipatana Embu usinisalimie."

Ameweka sahihi hapo. Lakini chini ya sahihi, kwa kalamu nyingine, nadhani ni siku nyingine, ameongeza haya:

"Nataka ndengu ya kupanda kilo mbili. Pesa iko ndani. Usitume kwangu. Peleka kwa bibi yangu. Aweke mahali anataka. Mimi sitauliza."

Nimesoma mistari hiyo mara nyingi. Mwenye haki ya kukasirika kuliko wote ameona la kufanya, na mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne sijaona langu. Sikuombi unisamehe kwa barua, maana hiyo ni njia nyepesi. Nitakuja Jumamosi ya tarehe saba, Njoka akiwepo, na kama mtanifukuza nitajua nimefukuzwa kwa haki. Barua zote za "Mama wa Kanda" nakuletea. Ni zako. Ukitaka kuzijibu, ukitaka kuzichoma, ni juu yako, na kanda ya saba ukisema nitangaze hadharani kwamba niliiiba, nitatangaza kwa sauti yangu mwenyewe, bila makaratasi.

Msalimie Riungu na wadogo zake, na mama Kithaka, ingawa sijui nitamtazamaje. Mungu awape mvua ya Oktoba kwa wakati wake.

Mfuko wa buluu alio nao Mwalimu Nyaga una ndengu kilo mbili. Tumezichambua mimi na Karimi, moja moja, hakuna iliyotobolewa. Jina juu ya mfuko ni lako. Aliyelipa ni Njoka.

Ni mimi mdogo wako,
Stephen Njagi