Picha Ambayo Sitaiweka Kwenye Ukurasa Wangu

Jumapili, Lodwar. Jua limeamka na hasira zake na umeme umepotea kabla sijamaliza chai. Jana nilirudi kutoka Kakuma na vumbi hadi kwenye meno, na leo sina raha.

Ni hivi. Nilipewa kazi ya kupiga picha za harusi ya dada mmoja Mkongo anayeishi kule kwenye kambi ya wakimbizi. Nilifurahi mno. Sisi wapiga picha tunaojitegemea hatuna bosi wa kutuombea msamaha. Ukiharibu harusi moja, kanisa zima linajua kabla keki haijakatwa.

Nami nilianza kuharibu mapema. Nimezoea harusi za hapa mjini, ambako bibi harusi asipocheka watu huanza kunong'ona kwamba amelazimishwa. Kwa hiyo kila nilipoinua kamera nilimwambia, "Cheka kidogo, mrembo." Ananitazama tu, uso mkavu. Nikazidisha mizaha.

Shangazi yake akanivuta kando, kwa upole ulioniuma kuliko kufokewa.

"Binti, uache kumuchekesha. Mutoto anatoka kwa mama yake. Akicheka, batu batasema anafurahia kumuacha. Na mama yake iko Congo, ataona picha tu."

Nilitaka kujitetea, niseme nimepiga harusi nyingi. Lakini harusi ni yao. Nikaomba radhi, nikafanya kazi kimya, na kusema kweli picha zilitoka na heshima ambayo mimi na mizaha yangu tungeifukuza.

Halafu ikaja pete. Bwana harusi, kwa haraka, akaanza kuivisha juu ya glavu aliyovaa bibi harusi. Pete ikagoma. Bibi harusi akainamisha kichwa, akacheka. Mara moja tu, kisha akabana midomo. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.

Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Na ndiyo inayoninyima raha. Kuna meneja wa hoteli kule Eliye Springs anayetafuta mpiga picha wa kudumu, na alitaka kuona kazi zangu leo kabla ya jioni. Naitaka nafasi hiyo, sifichi. Nikiitanguliza ile picha, nadhani hatatazama hata za wengine. Asubuhi nzima shetani wangu alikuwa ananiambia, "Nani huko Congo atajua?" Wenzangu wengi wanaziweka tu picha za namna hiyo mtandaoni, tena na maneno matamu juu yake.

Mchana nikampigia bibi harusi. Nikamweleza kwamba kuna picha moja anacheka, shangazi hajaiona, na mimi natamani kuitumia kutafuta kazi.

"Yaya, unitumie mimi peke yangu," akasema, akiniita dada kwa Kiswahili cha kwao. "Usiitie mahali. Ile ni yangu."

Nikamuuliza kama naweza kuandika haya hapa, bila jina lake. Akakubali, tena akacheka, safari hii bila kujibana.

Nilimtumia. Baada ya hapo nikaifuta kwenye kamera, kwenye kompyuta, kote. Moyo uliniuma sana. Meneja nimemtumia picha za sherehe za hapa Lodwar, zile ambazo wenyewe waliniruhusu. Ni nzuri. Hazifikii ile.

Nimeamua jambo. Kabla sijafungua kamera kwa mteja yeyote, nitakaa naye nimuulize kwao mambo huendaje, nini kipigwe, nini kiachwe, na nani ataziona picha. Nitauliza hata kama ni harusi ya mia. Nilidhani kuuliza kutanifanya nionekane mgeni wa kazi, kumbe kutouliza ndiko kulikonifanya nionekane hivyo.

Meneja bado hajajibu. Akisema hapana itaniuma, nami nitaanza kutafuta upya kesho asubuhi. Lakini kazi sitaitafuta kwa kicheko cha mtu ambaye hakunipa.