Kihisi Kando ya Kaburi

Tsukuba, 6 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje kwa baridi hii, na majivu ya mlima wetu wa volkano yamepungua? Mimi mzima, ila furaha na hofu vinaninyima usingizi.

Unakijua kile kihisi tulichokifukia kando ya makaburi ili kiupime mlima. Mama, ni maajabu! Maji ya ghuba yakijaa, kinahisi kisiwa kikiinama kwa uzito wa maji hayo. Dhoruba ikipiga bahari ya mbali kaskazini, kinahisi ardhi ikinguruma. Wenzangu walinipa kazi ya kufuta kelele fulani za kila alfajiri. Nikazitazama: hatua, mguu mmoja ukiburuta, kimya, kisha ufagio. Nikainuka kitini. Ni wewe, unakwenda kumfagilia baba majivu kaburini.

Lakini kihisi hichohicho kinasema mlima unavimba. Njoo ukae nami, tafadhali.

Mwanao,
Chizuru

Kisiwani, 11 Novemba

Chizuru mwanangu,

Marahaba. Goti liko palepale, linauma palepale. Figili mwaka huu zimekuwa kubwa kuliko kichwa chako, japo hazina kiburi chake.

Kwa hiyo nimesomesha mtoto fizikia ili aje kunipeleleza makaburini! Mlima huu unakohoa tangu bibi yako hajazaliwa, na serikali haijasema tuhame. Nikiondoka, nani atambadilishia baba yako maua? Huko kwenu mnawazuru wafu mara mbili kwa mwaka, kama mnavyokwenda kwa daktari wa meno. Sisi hatuwaachi wetu na maua yaliyonyauka.

Haya, mwanafizikia. Jumapili nitafanya pale kaburini jambo ambalo sijawahi kulifanya. Niambie ni lipi. Ukikosa, usiniletee tena habari za kuhama.

Mama yako

Tsukuba, 17 Novemba

Mama,

Shikamoo, na pole ya goti, maana najua leo linauma kuliko kawaida.

Ulicheza! Ngoma ya Ohara, ile ya tamasha la kwetu, nzima, mbele ya baba. Mzunguko wa pili ukakosea, ukaanza upya. Niliitazama mistari ikirukaruka kwenye kompyuta nikacheka mpaka nikalia. Chuma kilichofukiwa ardhini kimemwona mjane wa miaka sabini akicheza!

Sasa nisikilize. Chini ya visigino vyako ardhi imeinuka unene wa ukucha. Unaona ni kidogo? Kisiwa kizima, makaburi, mashamba, shule, kimenyanyuliwa kama kifua kilichovuta pumzi na hakijaitoa! Kamati inayoishauri serikali inasema tusubiri uhakika zaidi. Uhakika gani? Wanataka mlima upige hodi? Nimegombana nao mpaka sauti imekauka. Serikali isiposema, nasema mimi. Ondoka, Mama.

Mwanao

Tsukuba, 24 Novemba

Mama,

Shikamoo. Hukujibu, na simu umeizima, kwa sababu eti wanaopiga ni wauza bima tu.

Barua hii sijui niipeleke wapi. Leo alfajiri ulikwenda kaburini. Ufagio haukusikika. Jiwe likakwaruza, kimya kirefu, jiwe likarudi. Kisha hatua, nzito kuliko zile ulizokuja nazo, na hazikupanda nyumbani. Ziliteremka kuelekea gatini, zikafifia, zikaisha.

Umebeba nini, Mama?

Mwanao

Gatini Kagoshima, ng'ambo ya ghuba, 24 Novemba

Chizuru,

Salamu na maswali ya afya tutaulizana uso kwa uso. Hii naituma kwa faksi ya gatini, ikufikie kabla yangu.

Chuma kilichojua kwamba nimekosea ngoma hakiwezi kushindwa kuujua mlima. Hata hivyo, leo nilipolisogeza jiwe la kaburi niliweka kiganja chini, nihakikishe mwenyewe. Sikuhisi kitu. Hapo ndipo nilipoogopa, mwanangu. Kitu kikubwa namna ile kinainuka, nami niliyelala juu yake maisha yangu yote sikisikii.

Njoo unipokee stesheni ya hapo kwenu na maua, yawe mabichi. Tuko wawili. Chungu cha mifupa ya baba yako iliyochomwa nimekitoa kaburini, nimekifunga kwa shali na kukipakata, na abiria wote wananipisha.

Na kihisi chako, kesho kisinitafute. Kisikilize mlima.

Mama yako