Zuhura na Dirisha la Wateja

Jumatatu, 3 Machi
Taarifa kwa umma, yaani kwangu mwenyewe: feni ya ofisi imefariki asubuhi hii baada ya kuugua muda mrefu. Imeacha watumishi sita na kipara kimoja. Changu.

Zuhura hakuwepo msibani. Yuko stoo. Mkuu wa idara kamtoa dirisha la wateja, eti anamkinga na jua kwa kuwa ana ualbino. Dirisha lenyewe liko ndani, chini ya dari! Ukweli, mteja mmoja aligoma kuhudumiwa naye, mkuu akaona mteja ana hoja. Macho ya Zuhura hayana nguvu na stoo ina taa moja, hafifu. Anasoma mafaili yakiwa puani. Imeniuma.

Jumatano, 5 Machi
Nimemuuliza kama nikaseme makao makuu. Yeye ni wa mkataba, unaisha Juni. Mie nina ajira ya kudumu, labda watanisikiliza. Akasema, "Nenda baba. Mie nishachoka kunusa karatasi."

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda dawati la malalamiko. Mimi, ninayeogopa hata jogoo wa mke wangu, Mama Anitha. Wamesema jina langu litakuwa siri, sheria inamlinda mtoa taarifa. Nimerudi nyumbani Mbagala kifua mbele. Njiani nimenunua tikiti maji zima.

Jumatano, 12 Machi
Kaja afisa kuchunguza. Kijana mchangamfu mno. Ofisi nzima tumekaa, mkuu katikati, kijana kanishika mkono akiutikisa. "Mzee Eliya! Hongera kwa ile taarifa uliyotuletea. Usiwe na hofu, unalindwa."

Mkuu akatabasamu. Nilitamani niifuate feni.

Zuhura akarudishwa dirishani, akapigwa picha ya ripoti. Kijana akaondoka na picha.

Alhamisi, 13 Machi
Zuhura yuko stoo.

Jumatatu, 17 Machi
Chai ya saa nne imeruka meza yangu. Selemani, mtani wangu wa miaka yote, aliyeniita kipara mbele ya wageni wa heshima, leo kapita kimya. Baadaye kanivizia uani. "Braza, nina watoto shule. Usinichukie."

Simchukii. Naogopa tu. Anitha bado yuko chuo.

Nimepiga simu dawatini. Wanasema suala limefungwa. Picha inaonyesha yupo dirishani.

Ijumaa, 21 Machi
Nimehamishiwa stoo. Mama Anitha nimemwambia nimeomba mwenyewe, pametulia. Akasema vizuri, presha itashuka.

Humu niandike ilivyokuwa. Sikuomba. Mkuu kaniita, kasema umri umenienda, nipumzike na mafaili. Nikasema asante. Kweli kabisa, nilisema asante.

Zuhura aliponiona nabeba kiti alicheka. "Shikamoo baba. Na huku umenifuata?" Nikacheka naye. Kisha akaniambia taratibu, kama anayenituliza mimi: ameitwa jana. Mkataba hauongezwi. Juni anaondoka.

Nimepiga tena simu. Hilo ni suala jipya, wamesema, njoo uandikishe upya. Nitakwenda Jumatatu. Sidhani kama kitabadilika kitu.

Nilikwenda kumrudishia dirisha. Sasa hata stoo si yake.

Tumepanga mafaili mpaka saa tisa. Nimesogeza kiti changu pembeni, upande wa taa akae yeye.