Programu Isiyosahau

Shangazi Evarista, shikamoo. Huku Mapinga hatujambo, na mihogo imekubali.

Baba alinituma nichague programu ya kutunza nakala za mafaili ya kompyuta za ofisi yake ya viwanja hapa nyumbani. Nikapata nzuri.

"Inatunza hata ramani niliyoibadilisha?"

"Ndiyo, baba, pamoja na ile ya zamani."

"Aa, tafuta inayosahau! Kiwanja cha shangazi yako nimekimega kidogo. Yuko Lugoba, atajuaje? Nakuambia wewe kwa kuwa si msemaji." Akacheka, huku akichokonoa meno.

Kweli, kusema mbele yake siwezi. Ndiyo maana naandika: nimeweka ileile isiyosahau, na ramani yako ya mwanzo ipo. Njoo, shangazi.

Mwanao mwoga,
Vaileth