Kuanguka kwa Mdogo Wangu Siku ya Mikunga

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa ndani ya jalada. Kazini naitwa Dada Unga.
Jinsia: mwanamke. Umri: miaka 46.
Kazi: mkandaji wa unga wa tambi, mgahawa wa Kitaliano.
Makazi: chumba na sebule, nyuma ya ghala la matofali.
Uhusiano na marehemu: dada yake, baba mmoja mama mmoja.
Yameandikwa tarehe 3 Januari, kuanzia saa nne na nusu asubuhi.

Afande amenieleza kwamba niseme nilichokiona na nilichokisikia, nisiongeze wala kupunguza. Nimeelewa.

Nimefanya kazi katika mgahawa huo kwa miaka kumi na moja. Mdogo wangu nilimwingiza mimi miaka sita iliyopita, akawa muosha vyombo. Mwenye mgahawa ni Mtaliano, sote tunamwita Bosi. Chakula chake kinafuata majira ya kwao. Kuna msimu wa uyoga, Pasaka ni mwanakondoo, na mkesha wa Krismasi ni mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Bosi husema kwao wanamla mkunga siku hiyo ili kumkomoa Shetani. Mikunga huletwa wakiwa hai, wanawekwa kwenye beseni kubwa katikati ya ukumbi, na mwanamke mmoja wa jikoni huwakamata kwa mikono wageni wakitazama.

Kazi hiyo alipewa mdogo wangu kwa sababu alikuwa anawaogopa. Tangu utotoni hawezi kuguswa na kitu kinachotambaa. Nilikuwa nikimbeba mgongoni kupita kwenye majani mvua ikinyesha, kwa ajili ya konokono. Mkunga akimgusa lazima apige kelele, na wageni walipenda zile kelele. Yeye mwenyewe alikuwa akisema, "Shetani ni wake, mkunga ni wake, ila mikono ni yangu."

Miaka mitatu iliyopita mkunga mmoja alimponyoka. Akamkimbiza chini ya meza, akateleza, akaanguka miguu juu. Wageni walicheka mpaka wakafuta machozi. Mwaka juzi walipopiga simu kuweka meza waliuliza kama yule mama wa kuanguka atakuwepo. Bosi akamwambia aanguke tena. Nyumbani tuliweka godoro sakafuni nikamfundisha: kidevu kifuani, mikono pembeni, jiachie kama gunia. Tulicheka sana usiku ule, mpaka jirani akagonga ukuta. Mkesha akaanguka vizuri, lakini nyonga ya kushoto ilimuuma hadi mwezi wa nne.

Mnamo tarehe 24 Desemba mwaka uliopita niliingia kazini saa mbili asubuhi pamoja na marehemu. Alikuwa amevaa viatu vyake vyeusi vya mpira, ambavyo alivikunjia gazeti ndani kwa sababu vilimzidi. Nje, kwenye ubao wa chakula cha siku, Bosi alikuwa ameandika kwa chaki: SAA SABA MKUNGA ANATOROKA.

Saa tatu hivi mdogo wangu alimfuata Bosi jikoni. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya unga, hatua kama nne kutoka kwao. Alisema, "Bosi, mwaka huu nisamehe. Kukamata nitakamata, kuanguka sitaanguka. Nyonga haijapona."

Bosi akasema, "Mama, watu wameweka meza tangu Oktoba. Unadhani wanafuata tambi za dada yako? Wanafuata makalio yako."

Wahudumu walicheka. Mdogo wangu naye akacheka, akasema, "Basi waambie makalio yamekwenda likizo."

Bosi akasema, "Sawa. Usianguke. Mkamate tu umlete jikoni."

Mdogo wangu alinigeukia akanikonyeza. Aliosha sufuria zote za asubuhi huku akiimba kwa pua, kama afanyavyo akiwa na furaha.

Ukumbi ulijaa kabla ya saa saba. Saa saba na dakika kumi Bosi aligonga glasi kwa kijiko, akatangaza. Sisi wa jikoni husimama mlangoni kutazama, nami nilisimama. Mdogo wangu alikunja mikono ya gauni, akaingiza mikono kwenye beseni, akapiga kelele yake. Watu wakashangilia. Alimtoa mkunga mmoja mnene, akamkumbatia kifuani, akaanza kuja upande wetu. Nakadiria alitembea hatua tano. Alipofika mbele ya kaunta ya vinywaji miguu yote miwili ilimtoka kwa pamoja. Kidevu hakikuwa kifuani. Kisogo kiligonga ukingo wa marumaru wa kaunta, kisha sakafu. Mlio niliusikia.

Ukumbi mzima ulicheka. Mzee mmoja wa meza ya sita alisimama akapiga makofi, akasema, "Mwaka huu ameweza!" Wahudumu walicheka. Afande ameniuliza mimi nilifanya nini. Mimi pia nilicheka.

Mkunga alikuwa ametoka kifuani mwake. Alizunguka kidogo sakafuni, halafu akapita juu ya kiganja chake kilichofunguka, polepole, mwili wote mpaka mkia. Mdogo wangu hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipojua.

Nilikimbia nikapiga magoti nikamwita. Macho yalikuwa wazi. Viganja vyangu viliteleza, nikaona sakafu inang'aa na gauni langu limelowa mafuta ya zeituni. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka na lile gazeti limechomoza. Nilisema kwa sauti, "Jamani, ameumia." Watu wakazidi kucheka, wakidhani nami nimo kwenye mchezo.

Bosi alikuja akainama, akaniambia sikioni, "Nyamaza. Mvuteni nyuma, watu wanakula." Wahudumu wawili walimshika kwapani wakamburuta hadi stoo ya unga. Alipokuwa akiburutwa watu walimpigia makofi ya kumuaga. Mpishi alimkamata yule mkunga kwa taulo. Alikatwa, akakaangwa, akapelekwa meza ya sita.

Stoo nilimlaza juu ya magunia. Alikuwa anapumua kwa kukoroma. Niliomba simu ipigwe. Bosi alisema ipigwe baada ya chakula cha pili kutoka, ili gari la wagonjwa lisisimame mlangoni wageni wakiwa mezani. Simu yangu ilikuwa kwenye kabati la wafanyakazi, na ufunguo anao yeye. Mara mbili mpishi alikuja kuniuliza kama tambi za meza ya tisa ziko tayari. Mara ya pili nilikwenda nikazikata. Niliporudi alikuwa hakoromi tena.

Gari lilifika saa nane na dakika ishirini, kwa mlango wa nyuma. Daktari alisema amekwisha fariki.

Tarehe 31 Bosi alikuja msibani na bakuli la dengu. Kwao mwaka mpya hula dengu kwa ajili ya heri. Alileta pia karatasi iliyochapwa, inayosema marehemu alikuwa na kawaida ya kujiangusha kwa hiari yake ili kuwafurahisha wageni, na kwamba siku hiyo sakafu ilikuwa kavu. Alitaka nisaini kama ndugu. Sikusaini. Karatasi nimemkabidhi afande.

Afande ameniuliza mafuta yalifikaje sakafuni. Aliyamwaga Bosi, saa saba kasoro dakika tano, mbele ya kaunta, akayatandaza kwa soli ya kiatu. Nilimwona kwa macho yangu.

Nimemaliza niliyokuwa nayo.

NYONGEZA, kwa mkono wa shahidi mwenyewe, baada ya kusomewa:

Naomba kuongeza kwa sababu niliposomewa nimeona kuna pengo. Chupa ya mafuta ilikuwa ya meza yangu ya unga. Bosi aliniomba, nikampa. Aliniambia, "Usimwambie, akijua atakanyaga kama paka." Mdogo wangu alikuwa kwenye sinki anaimba. Alinipita akiwa anakwenda ukumbini, akasema, "Dada, leo natembea kama bibi harusi." Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Niliwaza kwamba ataanguka kama tulivyofanya kwenye godoro, watu watacheka, tutarudi nyumbani. Nikamwambia, "Nenda, wanakusubiri."

Haya ndiyo yote, na ni yangu.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo haya nimeyaandika mimi askari mpelelezi wa zamu, nikamsomea shahidi, akakiri ni sahihi. Nyongeza ameiandika mwenyewe bila kuombwa. Nilimweleza kwamba inaweza kutumika dhidi yake na kwamba anaweza kuifuta. Ameweka saini ya pili chini yake.

Muda wa kumaliza: saa sita na dakika arobaini mchana.